Safari ya Likizo na Watoto Wadogo: Yanayopaswa Kuamuliwa Kabla Basi Halijaondoka

Kila shule zinapofungwa, mwezi Juni na mwezi Desemba, Kituo Kikuu cha Mabasi cha Dodoma kilichopo Nanenane huanza kujaa kabla ya mapambazuko. Wazazi hufika wakiwa na mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, na mabegi yaliyofungwa kwa kamba, wakilitafuta basi la Kondoa, la Singida, la Iringa au la Dar es Salaam. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, zimeongezeka familia zinazoishi hapa ilhali babu na bibi wako Kagera, Mbeya au Tanga. Wapo pia wenyeji wa Mpwapwa, Kongwa na Chamwino wanaofanya kazi mbali na kurejea kwao likizo inapofika. Kwa familia hizo zote, safari ndefu na watoto wadogo ni jambo la kila mwaka.

Mzazi anayejiandaa kwa safari hiyo kwa kawaida huwa na maswali mawili: mtoto atalipiwa nauli kiasi gani, na akisumbua njiani afanyiwe nini. Yote mawili ni maswali ya msingi na tutayajibu. Lipo hata hivyo swali la tatu ambalo haliulizwi sana, nalo ndilo lenye uzito kuliko mengine: mtoto atakaa wapi? Makala hii imeandikwa ili swali hilo liulizwe mapema, dirishani pa kukatia tiketi, wakati mzazi bado ana uwezo wa kuchagua. Basi likishaondoka, uwezo huo hupungua sana.

Kuchagua chombo na saa ya safari

Kwa anayesafiri kati ya Dodoma na Dar es Salaam, tangu katikati ya mwaka 2024 kuna njia mbili. Treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Safari ya treni huchukua takriban saa tatu na nusu hadi nne, wakati basi hutumia sehemu kubwa ya mchana. Kwa mtoto mdogo tofauti hiyo ni kubwa: ndani ya treni anaweza kusimama na kutembea kidogo akiwa ameshikwa mkono, na choo kiko ndani ya behewa. Nauli zilizotangazwa mwaka 2024 ziliweka daraja la kawaida kuwa shilingi 31,000 kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa mtu mzima, nusu ya kiasi hicho kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na bure kwa aliye chini ya miaka 4. Hakiki nauli inayotumika siku unayokata tiketi, na katika hesabu yako ongeza gharama ya kufika stesheni na ya kutoka stesheni hadi unakokwenda. Panga pia kufika mapema, kwa kuwa mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda, na foleni huwa ndefu kwa mtoto asiyezoea kusimama.

Kwa anayekwenda Kondoa na Babati, Iringa, au Singida na kuendelea mikoa ya Kanda ya Ziwa, basi ndilo tegemeo la walio wengi. Hapa uamuzi mkubwa ni saa ya kuondoka. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2023, mabasi yaliyopewa ratiba za usiku yameruhusiwa kusafiri saa zote baada ya katazo lililodumu kwa miaka mingi. Safari ya usiku ina faida zake: joto hupungua na mtoto hulala. Ina upungufu wake pia. Vituo vya njiani huwa na giza, mtoto anayeamka ghafla huchanganyikiwa, na mzazi mwenye usingizi huwa mlinzi dhaifu. Ikiwa wewe ndiye mtu mzima pekee mwenye watoto wawili au zaidi, tunakushauri uchague basi la asubuhi. Ikiwa mko watu wazima wawili, mnaweza kupokezana, mmoja akilala mwingine akiwa macho.

Epuka magari madogo yanayobeba abiria wa masafa marefu bila leseni, yale ambayo mitaani huitwa michomoko. Huondoka haraka na huweza kukushusha karibu na mlango wako, lakini hayana ratiba wala tiketi inayotambulika, na mara nyingi watoto ndio wanaopakatwa ili nafasi ya mtu mzima mwingine ipatikane. Pakitokea ajali au mzigo ukipotea, utakuwa huna karatasi ya kukuonesha kwamba ulikuwa abiria.

Tiketi na kiti cha mtoto

Kata tiketi siku kadhaa kabla, katika ofisi ya kampuni au kwa mfumo wa tiketi mtandao unaotambulika. Juma la kufunga shule na lile la kuelekea Krismasi, viti huisha mapema. Hapo ndipo wapiga debe wanapopata nguvu, na hapo ndipo mzazi aliyechelewa huambiwa, “Panda tu mama, mtoto tutamtafutia pa kukaa.” Pa kukaa penyewe mara nyingi huwa ni kigoda katikati ya njia ya kupitia abiria, ndoo iliyopinduliwa, au boneti ya injini karibu na dereva. Hakuna hata pamoja palipo kiti. Pote hapo hapana mkanda wala kizuizi chochote mbele ya mtoto, na juu ya boneti kuna joto la injini linaloweza kumuunguza. Ukiambiwa maneno hayo, ni afadhali kusafiri kesho.

Unapokata tiketi, uliza mambo manne kabla ya kutoa fedha. Kwanza, nauli ya mtoto ni kiasi gani, na je, kwa kiasi hicho anapata kiti chake? Pili, namba ya kiti hicho ni ipi, na iko jirani na yako? Tatu, kiti hicho kina mkanda unaofanya kazi? Nne, basi litasimama wapi kwa chakula na choo? Hakikisha tiketi ina jina la abiria, tarehe, saa ya kuondoka, namba ya kiti, nauli uliyolipa na namba ya usajili wa basi. Kama umelipia viti viwili, tiketi zioneshe viti viwili. Kiti cha mtoto kisichoandikwa popote ndicho cha kwanza kuchukuliwa basi linapojaa njiani, na mama hubaki akibishana na kondakta huku mtoto amemlalia kifuani.

Tunafahamu kwamba kwa familia yenye watoto watatu, kulipia kila mtoto kiti chake ni mzigo mzito. Hatutaki kuandika kana kwamba fedha hazina mwisho. Ndiyo maana tunashauri hesabu ifanywe nyumbani, mapema, kwa kulinganisha njia zote: treni pale inapofika, basi la siku ambayo si ya msongamano, au safari ya watoto wachache kwa zamu. Mara nyingi kuahirisha safari kwa siku tatu hadi nne baada ya shule kufungwa hurahisisha kupata viti vinavyofuatana.

Kwa nini mapaja ya mama hayatoshi

Wazazi wengi huamini kwamba mahali salama kuliko pote kwa mtoto ni mikononi mwao. Imani hiyo inatokana na upendo, na nyumbani ni kweli. Ndani ya gari linalokwenda kasi mambo hubadilika, nasi tunaona ni vyema kueleza sababu.

Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa husogea mita 22 kila sekunde. Abiria wote waliomo husogea kwa kasi hiyohiyo, ijapokuwa wanajiona wametulia vitini. Basi likigonga kitu na kusimama ghafla, miili yao huendelea kwenda mbele mpaka izuiwe. Tuchukue mwendo mdogo zaidi, kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi. Gari likisimama kwa kugonga ndani ya umbali wa nusu mita, mtoto mwenye uzito wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Hayupo mzazi, hata awe na mikono ya mkulima, anayeweza kuuzuia uzito wa magunia mawili ya mahindi unaomchomoka kwa ghafla. Ndiyo maana mkanda ni wa lazima, na ndiyo maana mtoto anayeweza kukaa mwenyewe anastahili kiti chake na mkanda wake.

Kosa moja hufanywa na wazazi wenye nia njema: kumpakata mtoto kisha kufunga mkanda mmoja unaowazunguka wote wawili. Usifanye hivyo kamwe. Basi likisimama ghafla, uzito wa mtu mzima humbana mtoto dhidi ya mkanda, na tumbo la mtoto ndilo linaloumia. Mkanda wa mtoto upite chini kabisa, juu ya mapaja na mifupa ya nyonga, wala usipite tumboni.

Kwa mtoto mchanga asiyeweza kukaa, fanya hivi: wewe funga mkanda wako kwanza, kisha mfunge mtoto kifuani kwa mbeleko, akiwa juu ya mkanda wala si chini yake, uso wake ukiwa wazi na akiweza kupumua vizuri. Chagua kiti cha katikati ya basi, mbali na kioo cha mbele na mbali na mlango. Hili halifikii ubora wa kiti maalumu cha mtoto, ila ni bora mara nyingi kuliko kumshika kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika simu.

Upande wa jua na mavazi

Uwanda wa kati una tabia yake ya hewa, na anayetoka pwani huweza kushtuka. Mwezi Juni na Julai, usiku na alfajiri za Dodoma huwa na baridi ya nyuzijoto 14 hivi au pungufu, tena yenye upepo, kisha mchana jua huwa kali. Mvishe mtoto nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, ili uweze kumpunguzia kadiri siku inavyopanda. Soksi na kofia ya kitambaa zisikosekane alfajiri. Mwezi Desemba ni majira ya joto na mvua za mwanzo, na mahali maji yanapokata barabara safari huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Beba maji na chakula cha mtoto kinachozidi makadirio yako.

Upande wa kukaa nao ni jambo la kuzingatia unapochagua namba ya kiti. Mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, na mwezi Desemba hupita upande wa kusini. Kwa hiyo anayetoka Dodoma kwenda Morogoro na Dar es Salaam mwezi Juni atapigwa jua upande wa kushoto wa basi. Achague kiti cha kulia. Mwezi Desemba mambo hugeuka, na kiti cha kushoto ndicho chenye kivuli. Wakati wa kurudi, geuza hesabu hiyo. Kwa anayeondoka asubuhi kwenda Kondoa na Babati, jua huwa upande wa kulia hadi adhuhuri, hivyo kushoto ndiko kwenye nafuu. Mtoto aliyekaa kivulini hunywa maji ya kutosha, hulala na hasumbui. Aliyechomwa na jua kwa saa nne hulia, na abiria wenzake huanza kumlaumu mama yake.

Chakula, maji na kichefuchefu

Mpe mtoto maji kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi, hata asipoomba. Wazazi wengine huwanyima watoto maji ili wasiombe kujisaidia njiani. Katika joto la nyanda hizi, tabia hiyo ni ya hatari: mtoto mdogo hupungukiwa na maji mwilini upesi kuliko mtu mzima. Midomo mikavu, kulia bila machozi, mkojo mchache wenye rangi nzito na kulegea ni dalili za kuchukuliwa hatua mara moja. Weka mkobani pakiti mbili za chumvichumvi za kuongezea maji mwilini, zile za ORS zinazopatikana katika maduka ya dawa, pamoja na maji safi ya kuchanganyia. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa kila anapotaka.

Chakula kinachofaa ni kile kilichoandaliwa nyumbani asubuhi hiyohiyo na kisichoharibika haraka: viazi vitamu vilivyochemshwa, chapati, maandazi, ndizi mbivu zenye ganda lake. Wachuuzi wa madirishani wana bidhaa nzuri, ila huna njia ya kujua yai limechemshwa lini au matunda yameoshwa kwa maji gani. Nunua kile unachoweza kukimenya mwenyewe.

Kuna tahadhari inayowahusu hasa wakazi wa Dodoma. Zabibu ni fahari ya mkoa huu, na karanga haziko mbali. Vyote viwili ni hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano ndani ya gari linalotikisika. Zabibu nzima ina ukubwa wa kuziba koo la mtoto kabisa, na karanga huweza kuingia katika njia ya hewa. Zabibu ikatwe kwa urefu vipande vinne, karanga na korosho zisubiri mpaka mfike. Wala mtoto asilishwe akiwa amelala nusu au basi linapopita kwenye matuta.

Kichefuchefu huwasumbua zaidi watoto wa kuanzia miaka miwili hadi kumi na miwili. Njia kati ya Dodoma na Gairo haina kona nyingi, lakini vilima vya kaskazini ya Kondoa kuelekea Babati, na mlima Nyang'oro katika barabara ya Iringa, huwatikisa hata wazoefu. Mpe mtoto mlo mwepesi saa moja kabla ya kuondoka, usimwache na njaa wala usimshibishe. Akae mahali anapoweza kuona mbele au mbali nje ya dirisha. Simu yenye katuni humtuliza kwa muda, kisha humwongezea kizunguzungu kwenye kona. Itunze kwa sehemu zilizonyooka. Kwenye kona mwoneshe mibuyu, mumhesabie mbuzi, mshindane nani ataona lori la kwanza lenye trela. Beba mifuko miwili ya kutapikia, kitambaa kibichi na nguo moja ya kubadilisha, vyote katika mkoba wa mkononi. Vilivyowekwa kwenye buti havitakusaidia kitu.

Usimpe mtoto dawa ya mafua au ya mzio kwa lengo la kumlaza safari nzima. Dawa hizo zina vipimo vyake, na kwa mtoto mdogo zinaweza kuathiri upumuaji. Kama ana historia ya kutapika sana safarini, muulize mtaalamu wa afya siku chache kabla.

Kusimama njiani

Katika safari nzima, dakika zinazohitaji uangalizi mkubwa kuliko zote ni zile ambazo basi limesimama. Kondakta hutangaza kwamba abiria wanaweza kuchimba dawa, basi huegeshwa kando ya barabara, na watu hamsini hushuka kwa pamoja kuelekea vichakani. Wengine huvuka barabara. Dereva wa lori anayekuja upande wa pili haoni mtoto anayechomoza mbele ya basi, na mtoto naye haoni lori.

Kwa hiyo, shuka ukiwa umemshika mtoto kwenye kifundo cha mkono, wala si vidole, kwani vidole huchomoka. Kaa upande uleule basi liliposimama; usivuke barabara hata kama upande wa pili una kichaka kizuri zaidi. Usipite mbele ya basi. Mwambie kondakta kabla ya kushuka kwamba una mtoto, umtajie namba ya kiti chako, na umwombe asiondoshe basi kabla hajakuona umerudi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, nepi au kopo lenye kifuniko ndani ya basi ni salama kuliko kichaka chenye miiba na nyoka.

Una haki ya kuomba basi lisimame mahali penye choo, na mhudumu anapaswa kukusikiliza kwa heshima. Lakini ombi linalotolewa mapema husikika zaidi. Ndiyo sababu tulikushauri uulize vituo vya kusimama siku ya kukata tiketi. Ukijua kwamba kituo kijacho ni Gairo, unaweza kumwandaa mtoto.

Kwenye vituo vikubwa, tatizo ni mtoto kupotea. Asubuhi ya safari mpige picha akiwa na nguo alizovaa. Andika jina lako na namba zako mbili za simu kwenye kikaratasi, ukitie ndani ya mfuko wa suruali au gauni lake. Usiandike jina la mtoto mahali linapoonekana na kila mpita njia, kwa sababu mtu asiye mwema anaweza kulitumia kumwita. Mtoto akipotea, toa taarifa papo hapo kwa uongozi wa kituo na polisi waliopo. Namba 112 ni ya polisi kwa dharura, na 116 ni ya Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Hapa tuseme pia kuhusu watoto wanaokabidhiwa kwa kondakta wasafiri peke yao, kwa ahadi kwamba shangazi atawapokea mwisho wa safari. Tunaelewa hali zinazosababisha hayo. Hata hivyo kondakta ana abiria wengi, hupanda na kushuka kila kituo, na basi likiharibika hana namna ya kumlea mtoto wa miaka sita usiku kucha. Kifurushi hukabidhiwa kwa risiti. Mtoto asafiri na mtu mzima anayemfahamu. Akisafiri na ndugu asiye mzazi wake, mpe ndugu huyo nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua fupi yenye namba yako ya simu. Itamwokoa na maswali mengi.

Mambo yanapoharibika

Sheria ya Usalama Barabarani inaweka ukomo wa kilomita 80 kwa saa kwa magari makubwa, mabasi yakiwemo, na kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Mabasi ya masafa marefu hufuatiliwa kwa mfumo wa VTS unaoonesha mwendo na mahali yalipo, na safari inayozidi saa nane inahitaji dereva wa pili. Ukiona mwendo unatisha, zungumza kwanza na kondakta kwa sauti ya utulivu. Asipojali, piga namba ya bila malipo ya Mamlaka iliyobandikwa ndani ya basi, ukitaja namba ya usajili wa gari, mahali mlipo na saa. Wapo wanaoogopa kuonekana wakorofi mbele ya abiria wenzao. Mzazi mwenye mtoto kitini ana sababu ya kutosha ya kusema.

Basi likiharibika, mtoa huduma ndiye mwenye wajibu wa kuwatafutia abiria usafiri mbadala. Wakati mnasubiri, mweke mtoto mbali na lami, nyuma ya basi upande wa porini penye kivuli, wala si chini ya basi wala katikati ya magari mawili. Usirudishe tiketi kwa mtu yeyote mpaka umepanda gari jingine au umerudishiwa fedha zako.

Ukiwa na lalamiko, liwasilishe kwanza kwa kampuni husika, kwa maandishi au ujumbe wa simu unaoweza kuuhifadhi. Usiporidhika, fika katika ofisi ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyo mkoani kwako, ukiwa na tiketi, tarehe na namba ya basi. Baraza la Ushauri la Watumiaji, LATRA CCC, lipo kwa ajili ya kukuelekeza na kukusemea. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Njia hiyo yote huanza na kipande kimoja cha tiketi, ambacho wengi hukitupa wanaposhuka.

Kwa wenye magari binafsi

Mtoto akae kiti cha nyuma daima, katika kiti maalumu kinacholingana na uzito wake kama unaweza kukipata, na milango ifungwe kwa kizuizi cha watoto. Simama walau kila baada ya saa mbili, mahali palipo wazi na penye watu. Usimwache mtoto ndani ya gari hata kwa dakika za kununua vocha: gari lililoegeshwa juani huongeza joto lake ndani kwa takriban nyuzi 10 katika dakika 10 za mwanzo, na kufungua kioo kidogo hakusaidii sana. Usiku, kwenye barabara zinazopitiwa na ng'ombe na mbuzi, punguza mwendo, au lala mjini na uendelee alfajiri.

Usiku wa kuamkia safari

Kabla ya kulala, hakikisha vitu vitano viko mahali pamoja: tiketi, mkoba wa mtoto wa mkononi, maji, kikaratasi cha namba za simu, na nguo za alfajiri. Mweleze mtoto, kwa maneno yake, mtakakopita na mtakaposimama. Mtoto aliyeambiwa hutulia kuliko aliyebebwa tu kama mzigo. Kesho yake, mkishaingia ndani ya basi, fanya jambo moja kabla ya kupanga mabegi na kabla ya kuwapungia mkono waliowasindikiza: mkalishe mtoto kwenye kiti chenye namba yake, umfunge mkanda, uhakikishe umekaza. Ukikuta mkanda ni mbovu au kiti kimekaliwa na mwingine, sema wakati huohuo, basi likiwa bado limesimama kituoni.